Koti la Wani na Gamu Niliyoibandika Kila Mahali

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyofungiwa ndani ya chumba cha nyama nikiwa nimevaa koti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nje Juba ilikuwa inachemka kama kawaida yake, mbwa wamelala chini ya magari, na mimi ndani meno yanagongana.

Nakuita mwanangu, wewe kijana unayenisoma, na huenda unanizidi kimo, tena huenda tumepishana miaka kumi tu. Nivumilie. Hapa mtaani kwetu, Juba Na Bari, wasichana wanaokuja kwangu kujifunza cherehani walianza kuniita mama kabla sijapata hata mvi moja, na jina nimelizoea, nalipenda. Shule yangu iliishia darasa la saba, kule Uganda tulikokuwa wakimbizi. Kwa hiyo haya ninayokuandikia hayakutoka kitabuni. Yalitoka kwenye koti moja, na koti hilo lilikuwa la kaka yangu Wani.

Wani alipata nafasi ya kwenda Kanada kusomea udaktari wa mifugo. Habari ilipofika, mama alilia, akacheka, akalia tena, kisha akauliza swali moja tu.

"Kule iko baridi?"

"Iko, mama," Wani akasema. "Tena ile ya kugandisha maji mtoni."

Mama akainuka. Akaingia ndani, akatoka na blanketi.

Blanketi hilo lilikuwa la sufu, la kijivu, zito kiasi kwamba ukilifua linataka watu wawili wa kulikamua. Wakati wa vita mama alivuka nalo mpaka, Wani akiwa mgongoni, mimi sijazaliwa. Kambini tulilala chini yake sote watatu. Tuliporudi Juba na joto hili, likawa halina kazi, likakaa miaka ndani ya sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini ili wadudu wasilile. Sasa akaniwekea mapajani.

"Poni, wewe iko na cherehani. Shonea ndugu yako koti."

Nikamwambia makoti ya mitumba yapo soko la Konyo Konyo, mazuri tu, mengine hata hayajavaliwa sana. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana. Mtoto yangu hawezi enda mbali hivi na joto ya mtu mimi hajui."

Basi, mwanangu, nani angebishana na hilo? Nikalipokea blanketi kwa mikono miwili. Lilikuwa moja tu, na kitambaa kingine cha namna hiyo hakipatikani mji huu mzima. Kosa moja la mkasi, basi Wani angeenda na shati.

Mimi wakati huo nilikuwa nashona sare za shule, mapazia na nguo za kwaya. Koti nilikuwa nimeliona kwenye picha ya simu. Lakini nilikuwa na ndoto kubwa, na bado ninazo. Mpaka leo nataka kufungua duka la makoti hapa Juba. Cheka tu, nimezoea. Nikaitazama ile picha: mabega yamenyooka, kola imesimama, kifua kimekaa kama cha askari wa gwaride. Nikajiambia, Wani atashuka kwenye ndege ile watu wakidhani ni waziri.

Kama hujawahi kushona, nikueleze kitu kimoja kwanza. Ndani ya kola ya shati, katikati ya vitambaa viwili unavyoviona, kuna kitambaa cha tatu ambacho mvaaji hakioni maisha yake yote. Sisi mafundi tunakiita gamu. Upande mmoja kina gundi. Unakilaza nyuma ya kitambaa chako, unakipiga pasi, gundi inayeyuka na kushika. Ndicho kinachofanya kola isimame, na tundu la kifungo lisichanike.

Gamu nilikuwa naijua kwenye mashati. Hesabu niliyopiga kichwani ilikuwa hivi: shati ni jepesi, linataka gamu kidogo, koti ni zito, litataka gamu nyingi. Nikanunua ile ngumu kabisa, ya kola, nikaibandika kifuani, mgongoni, mabegani. Hata mikononi, mwanangu. Hata mikononi! Sikuifua kwanza ili ijivute mapema. Sikuijaribu kwenye kipande kilichobaki. Nilichukua pasi ya mkaa, nikawa naiburuta huku na huku kama mtu anayenyoosha sketi, huku naimba.

Jumanne koti likaisha. Nikaliweka sakafuni, likasimama lenyewe. Kweli nakwambia, bila mtu ndani. Majirani wakaja kuliangalia. Mama akalizunguka, akapiga kigelegele. Wani akalivaa, akajaribu kugeuka, akageuka mzima mzima kama mlango.

"Dada, nimekuwa sanduku," akasema. Kisha akaniona uso, na Wani ana moyo laini, akaongeza haraka, "lakini sanduku zuri sana."

Safari yake ilikuwa Jumamosi.

Jumatano asubuhi, mama akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nikanyunyizia koti maji kidogo nilipige pasi ya mwisho. Mbele ya macho yangu kifua kikaanza kuvimba. Yakatokea malengelenge, moja hapa, mawili pale, kama kwenye miguu ya mtu aliyetembea mbali na viatu vipya. Kumbe ile gamu ilipopata maji na moto ilijivuta, na blanketi halikujivuta nayo. Nikakandamiza pasi. Yakaongezeka. Nikakandamiza tena kwa hasira, na begani kitambaa kikajikunjakunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia.

Nikafanya nini? Nikalikunja koti, yaani nikajaribu kulikunja, likakataa, nikalifunika kwa shuka. Mama aliporudi nikamwambia limekwisha, limependeza, asiliguse mpaka Jumamosi ili lisichafuke. Hapo ndipo nilipokosea hasa. Kubandika vibaya kulikuwa kutojua. Ile shuka niliitandaza nikijua.

Mama, kwa furaha yake, jioni akaenda kumwita Mama Njeri aje aone.

Mama Njeri alikuwa jirani yetu, amepanga vyumba viwili upande wa pili wa ua. Mkenya, mtu wa Nyahururu, mahali ambapo alituambia watu huvaa sweta mpaka saa sita mchana. Alikuwa msimamizi wa jiko katika hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kiswahili changu hiki kingi kilitoka kwake. Akaingia, akaitoa ile shuka kabla sijasema neno, akatazama.

"Hii ni koti ama ni kabati?"

Akaligonga kifuani kwa kidole, akainamisha sikio.

"Hodi? Wenyewe wako?"

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Mama Njeri akapitisha kiganja juu ya malengelenge, ambayo mama kwa kucheka hakuyaona, akanitazama, wala hakumwambia mama kitu.

"Wee Poni, gamu umeweka wapi na wapi?"

"Kila mahali, mama. Ili liwe na nguvu."

"Kila mahali! Aki msichana. Kwani wewe umewahi kusikia baridi?"

"Kule kambini asubuhi kulikuwa na baridi."

"Hiyo si baridi, hiyo ni asubuhi," akasema. "Kesho uniletee hii kitu kazini. Uje nayo umeibeba, usiikunje. Hata hivyo haikunjiki."

Alhamisi nikapanda boda boda kwenda Thongpiny na koti mbele ya kifua. Upepo ulilisukuma, mwenye boda akaanza kuyumba.

"Ya bit, wewe msichana, shika ubao wako vizuri!" akapiga kelele. "Mimi bado nataka kuoa!"

Hotelini Mama Njeri alikwisha kuomba ruhusa kwa wakubwa wake. Akanipitisha jikoni, mpaka kwenye mlango mzito wa chuma. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha baridi cha kuwekea nyama.

"Vaa. Funga vifungo vyote. Ingia. Nikimaliza kuhesabu mia mbili nitafungua. Ukipiga kelele nitafungua mapema, lakini jaribu usipige."

Nikaingia. Mlango ukafungwa.

Mwanangu, mimi nilikuwa nadhani baridi ni kukosa joto tu. Kumbe baridi ni kitu kinachokuja. Kinakutafuta. Nilisimama katikati ya mbuzi waliotundikwa na makasha ya kuku, na mwili wangu ukaanza kufanya mambo bila kuniuliza. Mabega yakataka kupanda. Mikono ikataka kukumbatia kifua. Kidevu kikatafuta shingo kijifiche. Nilitaka kujikunja niwe mdogo, na koti likakataa. Mikono ilisimama mbali na mbavu. Kola ilikaa kama sahani kuzunguka shingo, haigusi ngozi, na baridi ikaingia humo kama maji kwenye mtungi, ikashuka, ikatokea chini magotini. Kila nilipoinama, katikati ya kifungo na kifungo pakafunguka mdomo.

Nikamwona Wani. Nikamwona amesimama barabarani katika mji asikomjua mtu hata mmoja, anataka kujikunja, na dada yake amemvalisha ubao. Hapo nikalia. Kelele sikupiga, nililia tu, na machozi yenyewe yalikuwa ya baridi.

Mlango ukafunguka.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya niambie, koti ni ya nini?"

Meno yakinigonga nikasema, "Ya kumsaidia mtu ajikunje."

"Eeh," akasema Mama Njeri. "Sasa umeanza kushona."

Akaniketisha juu ya kasha la soda, akanipa chai ya maziwa yenye tangawizi, na alipoona mikono imeacha kutetemeka ndipo akanikaripia. Alinikaripia polepole, kwa sauti ya chini, na ile sauti yake kubwa nadhani ningeivumilia vizuri zaidi.

"Mamangu alitushonea makoti sisi watoto sita. Ugumu aliweka mahali pa kazi peke yake. Kwa kola, kwa sababu kola inasimama na upepo. Kwa ule ukingo wa mbele, kwa sababu unabeba vifungo. Kwa midomo ya mifuko, kwa sababu mikono inaingia hapo mara mia kwa siku. Kwengine kote aliacha kitambaa kiwe kitambaa. Wewe umeogopa blanketi. Umeona ni laini, ukadhani ulaini ni udhaifu. Na ulipoona imeharibika ukaifunika. Si ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Sasa enda umwambie mamako kabla sijamwambia mimi. Blanketi ni yake, na keshokutwa ni Jumamosi."

Njia ya kurudi sikuiona. Nilifika nikamkuta mama anachambua maharage. Nikaweka koti mbele yake, nikamwonyesha malengelenge, nikamwambia yote: gamu, maji, shuka, chumba cha nyama. Nikamwambia inabidi kulifumua koti zima, na nikifumua huenda blanketi likachanika, na muda hautoshi, na nisipofumua Wani atapata baridi.

Mama alipitisha mkono wake juu ya kile kifua kilichovimba. Akaupitisha tena. Lile blanketi ndilo kitu pekee alichokuwa amebaki nacho kutoka nyumba ya mama yake. Nilijua hivyo, nikangoja.

"Blanketi iko kitu," akasema. "Wani iko mtu. Leta wembe."

Tukakaa mkekani sisi wawili, yeye anafumua upande huu, mimi upande ule, maharage yakasahaulika. Gamu tukaitoa namna Mama Njeri alivyonielekeza: kitambaa kibichi juu, pasi ya moto juu yake, unahesabu, unainua, kisha unaichuna gamu ingali moto, taratibu, kama unavyobandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Mahali pengine ilitoka na manyoya ya sufu. Mahali pengine gundi ilibaki, tukaiacha, ingefunikwa na bitana. Mvuke ule ule ukarudisha blanketi kwenye hali yake, mikunjo ikalala. Mama alikuwa akiona sehemu imenyooka anasema "kalas," yaani imekwisha, anasogea mbele.

Ndani, badala ya gamu, tukatumia marekani. Ile nguo nyeupe ya pamba, ya kawaida kabisa, mama alikuwa nayo kipande. Mara hii niliifua, nikaianika juani, nikaipiga pasi, ndipo nikaikata. Niliikata fupi kidogo ili isiingie kwenye mishono, maana sufu peke yake ni nene na mshono ungekuwa kama kamba. Kisha nikaishikiza kwa mkono, sindano na uzi, mishono mirefu, milegevu, kila mshono ukiokota uzi mmoja tu wa blanketi ili upande wa nje usionekane. Kwenye ukingo wa mbele, toka begani hadi chini. Kwenye midomo ya mifuko. Kipande chembamba kwenye ncha za mikono. Basi. Mgongo nikauacha, mikono nikaiacha.

Gamu niliitumia mahali pamoja, chini ya kola, na safari hii ilikuwa laini. Nikailoweka kwanza, nikaikausha, nikaijaribu kwenye kipande kisicho na kazi. Cha kwanza kilivimba. Cha pili kilivimba. Cha tatu niliweka kitambaa kibichi, nikashusha pasi wima bila kuiburuta, nikahesabu mpaka kumi na tano, nikainua, nikaweka mikono nyuma na kungoja ipoe. Kungoja huko ndiko kugumu kuliko kote, nakwambia, kwa sababu vidole vinataka kugusa. Ikapoa. Ikashika. Kola nikaizungusha kwenye taulo lililoviringishwa, nikaifunga ikiwa na uvuguvugu, ijifunze kuwa shingo.

Ijumaa jioni Mama Njeri alipotoka kazini alitukuta tunashona kifungo cha mwisho. Wani akavaa.

"Jikunje," akamwamrisha.

Wani akajikumbatia. Koti likamfuata. Akachuchumaa, likachuchumaa naye. Akainua kola, ikabaki juu, ikamgusa masikioni. Mama Njeri akaligonga kifuani kwa kidole, hakusikia kitu.

"Hakuna mtu," akasema. "Wameshahama." Tukacheka sote, na mama akacheka akifuta macho.

Jumamosi tukafika uwanja wa ndege. Juba nzima ilikuwa inatoka jasho, na kaka yangu amesimama kwenye foleni na koti la sufu mwilini. Mizigo yake ilikuwa imejaa, ndiyo sababu aliyowaambia watu. Askari mmoja mlangoni akamtazama juu mpaka chini.

"Ya zol, wewe bwana, ni mgonjwa?"

"Hapana, ndugu. Ni mama."

Askari akamtazama mama, akaelewa, akampisha. Mama akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka Wani mpaka kidevuni, na hakufungua hata kimoja mpaka tulipopotezana kwenye kioo.

Wiki mbili baadaye akatuma sauti kwenye simu. "Mwambieni mama kwamba leo nilingoja basi nje, barafu inashuka, upepo unapiga. Nikainua kola. Nikajikunja, likajikunja. Mwambieni nimetoka jasho Kanada." Mama aliisikiliza mara tatu, kisha akainyakua simu na kwenda nayo kwa kila nyumba ya ua ule.

Sasa sikia nasaha yangu, mwanangu. Ukishona koti nyumbani, na siku moja utashona, kwa sababu watu wetu hawaachi kusafiri, anza kwa kujiuliza nguo hii itamfanyia nini mtu aliye ndani yake. Kile cha ndani kisichoonekana kifue kabla ya kukikata na kijaribu kwenye kipande kabla ya kukibandika. Kisizidi kitambaa chenyewe kwa ugumu. Kiweke palipo na kazi, na pengine paache palegee. Kikivimba, usikandamize. Mwite mtu kingali moto. Utaona aibu, ndiyo, lakini aibu ya Alhamisi inaisha Ijumaa.

Na kuna hili jingine, nalisema kwa upole kwa sababu najua unaishi hapa hapa kwetu. Sisi watu wa hapa tumepita mengi, na wengi wetu tumejibandika gamu mwili mzima. Tunasimama wenyewe, tunapendeza kwa mbali, majirani wanatusifu, na hatuwezi kukumbatia mtu. Usiwe hivyo. Ugumu utauhitaji: pale unapokataa kuonewa, pale unaposhika neno lako, pale watu wanapokutegemea kama kifungo kinavyotegemea ukingo. Huko uwe imara wala usitetereke. Kwingine kote jiachie uwe laini, ucheke, ulie, uombe msaada, ukubali kufumuliwa na anayekupenda.

Mungu wa safari zetu zote akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kuona mapema palipovimba, na ulimi wa kusema. Akupeleke mbali kadiri ya ndoto zako, na akurudishe. Na siku baridi itakapokutafuta, popote itakapokukuta, uwe umevaa kitu alichokushonea mtu anayelijua jina lako.